Kitororo wa Shamba la Juu

Severina Kalinga alimuua ndege wa kwanza siku ya Jumapili, akiwa bado amevaa gauni la kanisani. Alimkuta amenasa kwenye ulimbo alioupaka juu ya tawi la mparachichi, mguu mmoja na bawa moja, anapapatika. Akambandua, akamfumba kiganjani. Ndege mwenyewe alikuwa mdogo kama kidole gumba cha mwanamume. Mgongo wake ulikuwa wa kijani kilichochujuka, juu ya mkia ana manjano, na pembeni mwa mdomo ana mstari mweupe kama sharubu za mzee. Wanaojua ndege humwita kitororo. Watoto wa Isumba walimwita fundi, kwa sababu akilia ni kama mtu anayegonga bati kwa kijinyundo, tok tok tok, kutwa nzima bila kuchoka.

"Kumbe ni wewe," Severina akamwambia. "Kumbe ni wewe unayenimaliza."

Akamnyonga shingo, akamtupa kwenye majani, akaenda kutega mwingine.

Watu wa Isumba walipomwona hivyo walisema ni hasira za Kihehe. Ndivyo walivyosema siku zote. Akinuna sokoni, Mhehe huyo. Akikataa kupunjwa kwenye mizani, Mhehe huyo, mwacheni. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa amekaa kijijini pale, chini ya Mlima Rungwe, amezaa pale, amezika mume pale, Kinyakyusa anakiongea mpaka anakiotea ndoto, lakini neno lile halikumtoka mgongoni. Na jambo lililomuudhi kuliko yote ni kwamba hasira zake hazikuwa za kabila. Zilikuwa zake mwenyewe, na kila moja ilikuwa na sababu.

Alizaliwa Kilolo, upande wa Iringa, binti wa wakulima Wakatoliki. Akiwa msichana alikwenda Mufindi kuchuma chai, na huko ndiko alikokutana na Asukile, kijana wa Kinyakyusa aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani. Asukile alikuwa mpole, mtu wa kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alipomleta nyumbani Isumba, mama mkwe alimpokea mlangoni kwa salamu ya Kinyakyusa, "Ugonile," na Severina kwa woga akajibu "Kamwene," salamu ya kwao. Ukoo mzima ukaangua kicheko. Asukile peke yake hakucheka. Alimshika mkono, akamwingiza ndani.

Baba yake Asukile alikuwa ameacha shamba moja refu linaloteremka kutoka ukingoni mwa msitu wa mlima hadi barabarani. Lugano, kaka mkubwa, alipewa sehemu ya juu. Asukile alipewa ya chini. Mfereji ndio uliokuwa mpaka. Kote kulikuwa na mibuni mizee isiyozaa tena, na katikati yake baba yao alikuwa amepanda miparachichi ya kienyeji kwa ajili ya kivuli. Asukile aling'oa mibuni yake yote, akapanda parachichi za kisasa, zile ndogo nyeusi zinazopendwa na wanunuzi wa nje. Watu walimcheka. Yeye na mkewe walibeba maji kwa ndoo kiangazi kizima, mti kwa mti. Miti ilipoanza kuzaa, Asukile akaugua ini. Hakufika msimu wa pili.

Severina alibaki na binti mmoja, Gloria, na shamba. Hakurudi Kilolo, ingawa kaka yake Clement alikuja na gari kumchukua. Alisema, "Miti hii nimeimwagilia mimi. Nitaiacha kwa nani?" Malori ya wanunuzi yalipoanza kupanda hadi Isumba, shamba lake ndilo walilolikimbilia kwanza. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akamsomesha Gloria mpaka chuo cha uuguzi Iringa. Waliomcheka marehemu wakaja kuomba vikonyo, vijitawi vya kubebeshea miche yao ili izae kama yake. Aliwapa.

Kisha kikaja kirukia.

Mara ya kwanza alipokiona alikipenda. Ulikuwa mshada wa maua mekundu katikati ya majani ya mparachichi, umetokea kwenye tawi ambalo halikuwa na haki ya kuzaa ua la namna ile. Alimwita Bupe, jirani yake, aje aone. "Mti wangu umevaa hereni," akasema, wakacheka. Msimu uliofuata mishada ilikuwa imejaa kila mahali, na mbele ya kila mshada tawi lilikuwa limekauka. Kirukia hakina mizizi ardhini. Kinaota juu ya mti wa mwenzake, kinachimba ndani ya gome, kinanyonya. Matunda ya Severina yakawa madogo kama ndimu. Mnunuzi aliyageuza mkononi, akayarudisha kwenye kreti, akapanda lori lake, akaondoka.

Ndipo Severina alipokaa chini ya miti yake asubuhi hadi mchana, kanga begani, akitazama juu. Akamwona yule fundi. Ndege alitua kwenye kirukia, akameza kitunda chekundu kinachonata, akaruka mti wa pili. Huko akajikunja, akaitema mbegu, na kwa sababu mbegu ilimganda mdomoni kama gundi, akajipangusa kwenye tawi, kulia, kushoto, mpaka ikabaki pale imenata. Akagonga nyundo yake kwa furaha. Akarudi kula nyingine.

Severina aliinuka, akaingia jikoni. Alichemsha utomvu wa mtini wa porini pamoja na mafuta ya kula mpaka ukawa ulimbo, na Jumapili ile akaanza kazi.

Hakuishia kwake. Aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, akaeleza alichokiona, na mwenyekiti Abrahamu akafurahi kupita kiasi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, aliyependa kila mkutano uishe kwa makofi. "Ndugu zangu," akasema, "adui amepatikana!" Watu wakapiga makofi kweli. Kila mtu alifurahi, kwa kuwa adui mwenyewe alikuwa ndege. Ndege hana ukoo. Ndege hana duka mjini, hapigi kura, hachangii harusi. Unaweza kumchukia hadharani na kesho ukalala salama.

Wakamfanyia operesheni ya kumtokomeza. Watoto walipewa ruhusa ya manati wakati wowote. Ulimbo ulipakwa kijiji kizima. Muuza madawa wa pale njia panda akawafundisha kutia sumu ya wadudu kwenye ndizi mbivu, wakazitundika mitini kama zawadi za Krismasi. Walikufa vitororo. Wakafa pia njiwa, na ndege wa kila rangi ambao hawakuwa na kesi na mtu, na kuku watano wa Bupe waliookota ndizi iliyodondoka. Ukingo wa msitu ukanyamaza. Ukiamka asubuhi ulisikia matone ya ukungu tu.

Na kirukia kikaendelea kuota.

Goodness, afisa ugani mpya wa kata, alikuwa binti wa umri wa Gloria, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake na pikipiki ya serikali iliyokuwa ikizimika kila mlima. Severina alimwita aje aone. Goodness alitembea shamba lote, hakuharakisha. Aliposikia habari za ndizi zenye sumu alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeumwa jino.

"Mama, ndege mmeua wengi?"

"Wengi. Na bado tunaua."

"Na yule aliyebaki mmoja, akivuka huku na mbegu mdomoni, ameitoa wapi?"

Severina akanyoosha mkono kuonyesha juu, ng'ambo ya mfereji. Mkono ukabaki hewani.

Shamba la Lugano lilikuwa linawaka. Hakuna neno jingine. Tangu ahamie Mbeya mjini, Ilomba, na kufungua duka la vifaa vya ujenzi, hakuwa amegusa jani la shamba lake. Ile miparachichi mikubwa ya baba yao ilikuwa imefunikwa na kirukia kutoka chini hadi juu, majani ya mti wenyewe hayaonekani, ni wekundu mtupu. Kila mtu aliyekwenda kuchota maji aliuona wekundu ule. Severina mwenyewe alikuwa ameuona kila siku ya Mungu.

"Ndege anakula alichowekewa," Goodness akasema. "Pale juu pasipokatwa, mtaua ndege mpaka uzee, mama. Dawa yake ni msumeno tu. Nilishaandika taarifa kwa mwenyekiti mwezi wa pili, nikataja shamba lile."

"Abrahamu anajua?"

"Nilimpa mkononi."

Severina alikwenda kwa Abrahamu moja kwa moja, mikono bado ina udongo. Mwenyekiti alimkaribisha kiti, akamsifia mapambano yake dhidi ya ndege, akasema taarifa ya mtaalamu inafanyiwa kazi. Severina aliinua macho, akayaona mabati mapya ya ofisi ya kijiji. Hakuhitaji kuuliza yametoka duka la nani.

Usiniulize alijisikiaje akirudi nyumbani. Alikuwa amewapa watu pa kujificha. Mwaka mzima kijiji kilikuwa kimemwaga hasira zake kwa kiumbe asiyeweza kusema "si mimi," na yeye ndiye aliyekitangulia. Alikwenda akazitungua ndizi zote alizozitundika, akazifukia, akatema mate juu yake. Kisha akampigia simu Lugano.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama Gloria. Habari za huko?"

"Habari ni kirukia. Miti yako ya juu imejaa, shemeji, na inaniambukiza. Naomba uikate."

"Ah, hilo tu? Nitatuma vijana."

Vijana hawakuja. Akapiga tena, vijana wanakuja wiki ijayo. Akapiga tena, simu ikapokelewa na mtu wa dukani aliyesema bosi yuko kikaoni. Mvua zikaja, zikaisha, miti mingine ya Severina ikakauka imesimama. Ndipo akavaa kitenge chake kizuri, akaenda Ilomba.

Lugano alimpokea vizuri mno. Alimpa kiti mbele ya duka, kati ya mifuko ya saruji na marundo ya nondo, akaagiza soda. Mkewe, Eveline, alikuwa kaunta akipima misumari. Aliitikia salamu kwa chini kisha akainamia mizani yake.

"Shemeji," Lugano akasema, "mimi nina mambo mengi. Miti ya mzee na mimi wapi na wapi?"

"Basi nipe ruhusa nikate mwenyewe. Sitaki hata ujira."

"Hapana, hapana. Mwanamke kupanda miti ya watu, itaonekanaje?" Akasogeza kiti karibu, akalainisha sauti. "Nikushauri kama mdogo wangu. Shamba limekuelemea. Niachie. Kuna mtu wa Dar amelipenda eneo, anataka kujenga hoteli ya watalii, watu waje kuona mlima. Lakini analitaka likiwa moja, juu mpaka barabarani. Nusu hataki."

Severina aliiweka soda chini bila kuifungua.

"Likiwa moja."

"Ndiyo. Tukaelewana vizuri, na wewe hutakosa chako."

"Kwa hiyo unasubiri miti yangu ife."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Unafanya."

Lugano alicheka, akageuka kuwatazama wateja waliokuwa wakisubiri. "Mnamwona shemeji yangu? Wahehe bwana! Hasira hata pasipo na vita." Wateja wakacheka naye. Kisha akamrudia, na safari hii hakulainisha sauti. "Shamba lile ni la baba yangu. Wewe uliolewa pale. Hukuzaliwa pale. Usisahau."

Misumari ya Eveline iliacha kugonga kwenye sahani ya mizani. Severina alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Ndani ya basi, njia yote hadi Tukuyu, alikuwa ameuma meno, na alipoteremka taya zilimuuma kama mtu aliyepigwa.

Kesho yake jua lilipokwisha kuwaka vizuri, alitoka na panga, msumeno na ngazi ya mbao. Hakupita vichochoroni. Alipita njia kuu, mbele ya ofisi ya kijiji yenye mabati ya Lugano, ngazi begani, akimsalimia kila aliyekutana naye. Waliomuuliza anakwenda wapi aliwajibu, "Shamba la juu. Kukata." Akauvuka mfereji, akaegemeza ngazi kwenye mti wa kwanza, akapanda.

Alikata kama mtu anayelipa kisasi, na kweli alikuwa analipa. Kila tawi lililoanguka alilitaja. Hili la soda. Hili la "nitatuma vijana." Hili la "hukuzaliwa pale." Akichoka kutukana kwa Kinyakyusa alihamia Kihehe, ambacho kwa matusi kilimtosha zaidi. Watu walikusanyika ng'ambo ya mfereji wakitazama, na hakuna aliyevuka. Hatimaye alikuja Bupe.

"Mama Gloria, watakufunga."

"Wanifunge. Nikitoka nitakuta miti imepona."

Bupe alisimama pale, akiangalia lile rundo jekundu. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akashika tawi, akaanza kuliburuta kwenda kulichoma.

"Usije ukasema nilikutuma," Severina akapaza sauti kutoka juu.

"Nani kasema nakusaidia wewe? Na kwangu pia imekauka nusu. Na kuku wangu je?"

Kwenye mti mmoja karibu na msitu Severina alifika kwenye tawi lililokufa, bovu, lenye tundu la duara lililochongwa vizuri kama limepigwa keekee. Ndani ya tundu mlisikika vilio vyembamba. Kitororo mmoja alikuwa ametua karibu na uso wake, kitunda mdomoni, hathubutu kuingia. Wakatazamana. Severina akashusha msumeno. Baadaye Bupe alipomuuliza kwa nini lile tawi ameliacha, alijibu kwa ukali kwamba tawi kavu haliotwi na kirukia, kulikata ni kupoteza nguvu bure.

Lugano alifika siku ya tatu, gari jeupe, mwenyekiti Abrahamu pembeni. Aliikuta miti ya baba yake imepukutishwa, na majivu. Akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Uharibifu wa mali! Uvamizi! Severina alikaa juu ya gogo, ananoa panga kwa jiwe, hakumjibu hata neno. Hilo lilimuudhi Lugano kuliko majivu.

Akampeleka baraza la kata. Siku hizi baraza halihukumu, linapatanisha tu, na wazee wake walikuwa na hamu ya kupatanisha watu waende kula. Lugano alisema yake. Abrahamu akasimama kumuunga mkono kwa sauti yake tamu: tatizo linajulikana kuwa ni ndege, kijiji kilishaamua hivyo kwa makofi, na huyu mama ndiye aliyelileta wazo mwenyewe. Sasa leo amegeuka.

"Nimegeuka, ndiyo," Severina akasema. Alisimama bila kuambiwa. "Nilikosea nikamshika asiyehusika, nikaona, nikageuka. Wewe mwenyekiti ulipewa taarifa mkononi, ukaona, ukakaa. Ndege mmemuua mwaka mzima. Msitu umekuwa kimya kama kaburi. Kirukia kimepungua? Mwulizeni huyu binti."

Goodness alikuwa amekaa nyuma, amealikwa kama mtaalamu. Alisimama, uso umemwiva, akasema alichokisema shambani, kwa maneno machache, na akaongeza kwamba tangu miti ya juu ikatwe hajaona mbegu mpya ikiota upande wa chini. Ukumbi ukanong'ona. Abrahamu akakohoa.

Mzee wa baraza alikunja mikono tumboni. "Mama Gloria, tumekusikia. Lakini uliingia kwa mwenzio bila idhini. Wewe sema samahani kwa shemeji yako, yeye atasema yameisha, mshikane mikono. Neno moja tu."

Kila mtu alimtazama. Lugano alikwishanyoosha mkono, ametabasamu. Severina aliutazama mkono ule.

"Siwezi kusema."

"Ni neno tu, mama."

"Kama ni neno tu, aliseme yeye. Kwa miti yangu iliyokauka. Kwa kunisimanga mbele ya wateja kwamba mimi si wa pale. Kaburi la mume wangu liko pale, nalipalilia mimi, yeye hajui hata liko upande gani wa mgomba. Akisema yeye, na mimi nitasema."

Mkono wa Lugano ukarudi mfukoni. Baraza likavunjika bila mapatano. Lugano alitangaza mlangoni kwamba atakwenda mahakamani Tukuyu, atakwenda mpaka Mbeya. Hakwenda. Labda mtu wa Dar hakupenda shamba lenye kesi. Labda wakili alimwambia aeleze kwanza kwa nini miti yake iliachwa hivyo. Hakuna aliyejua. Lakini alikuwa na fimbo nyingine, na hiyo aliitumia.

Gloria alikuwa ameposwa. Kijana alitoka Ruaha Mbuyuni, mkulima wa vitunguu, na ujumbe wao ulikuwa umepangwa kuja Isumba. Kwa desturi, Lugano, baba mkubwa, ndiye angewapokea na kukaa nao kwa niaba ya marehemu. Akapeleka habari: hatakaa mpaka Severina apige goti na kuomba radhi mbele ya ukoo.

Gloria alipiga simu kutoka Iringa, analia.

"Mama, mwombe tu radhi. Ni dakika moja. Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako ndiyo maana siombi."

"Watu watasema sina ukoo!"

"Watakaosema niletee majina yao."

"Kila siku ni wewe na hasira zako, mama! Baba asingefanya hivi."

Hilo lilimwingia Severina mahali ambapo matusi ya Lugano hayakufika. Akasema, "Baba yako alikuwa mpole. Upole wake ndio uliomfanya kaka yake achague sehemu ya juu, penye chemchemi, na sisi tukabeba maji kwa ndoo. Lala, mwanangu. Harusi itakuwepo."

Asubuhi alimpigia kaka yake Clement, Kilolo. Clement hakuuliza maswali. Alisema uani kwake panatosha ng'ombe wawili na maturubai matatu, waje. Ujumbe wa vitunguu ukaelekezwa Kilolo badala ya Isumba, ukapokelewa na wajomba. Wazee wa upande wa Asukile walilalamika kwamba jambo kama hilo halijapata kuonekana, mtoto wa Kinyakyusa kutolewa na Wahehe. Severina akawajibu kwamba na shamba kuuawa kwa kirukia cha ndugu halikupata kuonekana, lakini limeonekana.

Harusi ilifanyika Kilolo, kwenye baridi, watu wamevaa masweta juu ya nguo za shughuli. Gloria hakumtazama mama yake machoni mpaka ulipofika wakati wa mama kumpa mkono bwana harusi. Hapo alimtazama, na macho yakajaa. Walikuwa hawajapatana. Walikuwa tu wamesimama pamoja. Ngoma ilipoanza Severina aliingia uwanjani, akacheza akipiga ardhi kwa miguu kana kwamba kuna mtu amelala chini yake.

Jioni alimkuta Eveline amesimama nyuma ya jiko, mkoba kwapani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amekuja peke yake kutoka Mbeya.

"Anajua uko hapa?" Severina akauliza.

"Anajua niko kwa dada yangu, Makambako." Akatoa kitenge pea moja, kipya, akamwekea mikononi. "Cha mtoto. Mama Gloria, siku ile dukani... Ningesema neno."

"Ungesema."

"Ndiyo."

Severina alikipokea kitenge. Hakumwambia kwamba yameisha, maana hayakuwa yameisha. Alimwambia, "Kaa. Hujala," akamletea wali na nyama, akakaa naye mpaka alipomaliza.

Aliporudi Isumba alikuta kijiji kimepitisha sheria ndogo: kila mwenye shamba akate kirukia chake kabla ya mvua, na asiyekata apigwe faini. Aliyeisoma mkutanoni alikuwa Abrahamu, na kwa maelezo yake wazo lilikuwa la uongozi. Watu walipiga makofi. Jina la Severina halikutajwa, wala la Goodness. Severina hakupiga makofi. Alikaa mstari wa mbele, mikono amekunja, akimkazia macho mwenyekiti mpaka sauti ile tamu ikaanza kukwama kwama. Nyumbani akapiga teke ndoo. Lakini vijana walitoka na misumeno kweli, na hata Lugano alilazimika kuwalipa watu wa kumkatia machipukizi ya pili.

Miti ya Severina ile iliyokufa haikufufuka. Aliing'oa, akapanda michanga mahali pake, akabeba maji kwa ndoo upya, safari hii peke yake, akiwa na magoti ya mwanamke aliyepita hamsini. Iliyopona ilizaa. Vitororo walirudi kutoka msituni, kwanza mmoja mmoja, kisha mashamba yakajaa tena ule ugongaji wao. Severina hakuwapenda. Alipomwona mmoja ametua alisimama kumchunguza anapangusa mdomo wapi, na ndege alipokwisha kuruka alichukua kisu, akaenda kuikwangua mbegu.

Lugano siku hizi huja Isumba mara moja moja, kwa mazishi au kwa mambo ya ardhi, na angependa apite bila kumwona shemeji yake. Hawezi. Popote walipo, sokoni, kanisani, msibani, Severina humwendea mbele ya watu wote, anakunja magoti vizuri kama mwanamke wa Kinyakyusa anavyomheshimu shemeji yake mkubwa, na kusema kwa sauti inayofika mpaka barabarani:

"Ugonile, shemeji!"

Na Lugano, watu wakimtazama, anamjibu. Kila mara anamjibu.